Umeitoa wapi namba yangu? Shajara ya mradi wa kufuatilia simu za matangazo, Mombasa

12 Januari 2025

Nimeanza leo, na sababu ni Mama.

Jana saa nane mchana, wakati anapojilaza baada ya sala ya Adhuhuri, simu yake iliita mara tatu ndani ya nusu saa. Wa kwanza alikuwa na bima ya mazishi. Wa pili alikuwa na ploti Kilifi. Wa tatu alimwambia "amefuzu" kupata mkopo ambao hakuuomba. Mama ana miaka 71 na goti lake la kulia linamsumbua. Simu hukaa sebuleni kwenye chaji, na kila ikilia huinuka, kwani huenda ni kliniki, huenda ni kaka yangu aliye Muscat. Mara ya tatu alijikwaa kwenye ukingo wa mkeka, akadaka meza. Hakuanguka. Lakini nilikuwepo, nikauona uso wake, na tangu hapo siwezi tena kuliita jambo hili kero ndogo.

Nilimshauri tubadilishe namba. Akanitazama kama niliyemwambia abadilishe jina. Laini hiyo anayo tangu 2008, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuanza. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, ndiyo waijuayo wanafunzi wake wa zamani ambao sasa wana wajukuu. "Namba ni yangu, mwanangu," akasema. "Wao ndio wahame."

Basi mradi una maswali mawili. Namba zetu hutoka wapi mpaka zikawafikia hawa? Na je, mtu asiye wakili, mwenye simu na subira tu, anaweza kwenda kuifuta namba hukohuko ilikotokea? Kuzuia namba moja moja kwenye simu tumeshafanya. Mama ana namba 58 alizozizuia, na kesho yake hupiga ya 59.

Vifaa: daftari la kurasa 96 kwa Mama, la karatasi, kwa sababu hataki kuandika kwenye simu ileile inayomsumbua. Mimi nina jedwali kwenye kompyuta. Safu ni tarehe, saa, namba iliyopiga, walitutaja kwa jina gani, wanauza nini, na walijibu nini tulipowauliza "umeitoa wapi namba yangu?" Mama, mwalimu wa miaka 34, amepiga mistari kwa rula.

15 Januari

Nimenunua laini ya mtego. Nimeisajili kwa kitambulisho changu, jina langu kamili, kama sheria inavyotaka.

Mbinu ni hii. Jina langu la kwanza lina irabu ambazo hapa pwani kila karani huziandika kivyake: huyu huweka a, yule e, mwingine huzirudufu, mwingine huongeza h mwishoni. Nimeorodhesha tahajia kumi na moja ambazo mtu akizisoma hatashuku kitu. Kila mahali watakapoomba namba yangu nitatoa laini hii pamoja na tahajia moja, isiyotumika kwingine. Siku meseji ikinijia na tahajia ya nne, nitajua ilichotwa kisima kipi.

Nimejiwekea mpaka: hospitali, benki, serikali na popote ambapo jina linashika pesa au matibabu, natoa jina la kwenye kitambulisho, na laini yangu ya kawaida. Sitachezea tahajia mahali ambapo kosa la herufi linaweza kumdhuru mtu. Mtego ni wa maduka, kuponi, fomu za "tutakujulisha" na madaftari ya wageni.

30 Januari

Wiki mbili sikumpa mtu yeyote laini hii. Nilitaka kuona kimya chake kwanza, ili nijue ni simu ngapi huja zenyewe.

Hapakuwa na kimya. Siku ya pili tu ilikuja meseji ya kumkumbusha mtu, kwa jina lake, kwamba miadi yake ya kliniki ni Jumatatu. Siku ya tano shule moja ikadai salio la karo, na jina la mtoto limo, na darasa limo. Siku ya nane mwanamume akapiga, hata salamu hakutoa, akasema nisipolipa leo ataanza kuwapigia jamaa zangu. Nilipomwambia mimi si huyo, alijibu kwamba wote husema hivyo.

Niliulizia kwa wakala. Laini isiyotumiwa kwa muda hurudishwa sokoni na kuuzwa upya. Namba yangu mpya ina mwenyewe wa zamani, na maisha yake bado yanamiminika ndani yake. Sikuwa nimelifikiria hili hata kidogo. Nilitoka kutafuta wanaovujisha habari zangu, nikajikuta nimeshika habari za mama mwenzangu: maradhi yake, deni lake, mtoto wake.

Niliipigia ile shule na kliniki nikawaomba waitoe namba hii. Shule ilishukuru na kuitoa palepale. Kliniki iliniuliza mimi ni nani hata niwaambie habari za mgonjwa wao, na kwa kweli swali lao lilikuwa la haki. Nikawaeleza, wakaitoa. Zile meseji mbili nimezifuta na majina sikuyaandika kwenye jedwali.

Funzo la kazi: kwenye jedwali nimeongeza safu ya "mrithi", yaani simu zinazomtafuta mwenye laini wa zamani. Zinatengwa na hesabu. Nimeongeza pia "kipofu", yaani simu zisizotaja jina lolote. Hizo huenda ni namba zinazopigwa kwa kufuatana tu, bila orodha, na siwezi kumlaumu mtu kwazo.

8 Februari

Leo nimemaliza kugawa tahajia zote kumi na moja. Duka la simu, kuponi ya bahati nasibu kwenye jumba la maduka, fomu ya punguzo la duka la viatu, duka la fanicha, na kadhalika. Ninaloona linastahili kuandikwa kwa urefu ni daftari la wageni.

Nilikwenda kwenye jengo moja la ofisi mjini. Mlangoni kuna mlinzi, meza, na daftari kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia, sahihi. Wakati naandika mstari wangu nilihesabu mistari iliyo wazi juu yangu: kumi na minne. Watu kumi na wanne, majina yao kamili, vitambulisho vyao, simu zao na ofisi walizokwenda. Mmoja alikuwa amekwenda kwa wakili. Mwingine maabara. Ningekuwa na simu mkononi ningepiga picha ukurasa mzima kwa sekunde moja, na nyuma yangu alikuwepo kijana mwenye simu mkononi.

Nilimuuliza mlinzi, "Kaka, hili daftari likijaa huenda wapi?" Akaonyesha kwa kidevu chini ya ngazi. Lipo boksi la karatasi la kupakia maji, limejaa madaftari ya miaka. Hana kosa yeye. Ameambiwa waandike, nao huandika.

14 Februari

Nimesoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021, jioni tatu mfululizo, na kamusi pembeni. Naweka hapa yale tu tutakayoyatumia.

Mzizi uko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 31, kinachompa kila mtu faragha, ikiwemo kutolazimishwa bila sababu kutoa habari za familia na mambo yake. Sheria ya 2019 ikajenga juu yake, na ikaanzisha ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020.

Kwa matangazo, kanuni zinasema mfanyabiashara anaweza kukutangazia ikiwa namba aliipata kwako wewe mwenyewe, alikuambia kwamba ataitumia kutangaza, ulikubali, na amekuwekea njia rahisi ya kukataa. Nimemsomea Mama, akaniomba nirudie. "Kwangu mwenyewe?" Ndiyo, Mama. "Basi hawa wote hawana hata moja."

Kuna fomu. DPG 2 ni ya kudai uonyeshwe data yako waliyo nayo, bila malipo, na wana siku 7 kujibu. DPG 5 ni ya kudai ifutwe, na wana siku 14. Wasipojibu, unapeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Siku 7, 14, 90. Nimeziandika kwenye jalada la daftari la Mama kwa kalamu nyekundu.

17 Februari

Tahajia ya sita imerudi! Siku tisa tu. "Habari," kisha jina langu na ile h yake ya mwisho, "miliki ploti yako leo kwa malipo ya polepole." Tahajia ya sita niliiandika mahali pamoja duniani, kwenye lile daftari la wageni lenye kalamu ya uzi.

Nimekaa nayo kitambo hiyo meseji. Kushuku nilishuku siku zote, ila leo nimeshika ushahidi.

28 Februari

Hesabu ya mwezi kamili wa kwanza. Mama: simu 27 na meseji 61. Laini ya mtego, ukitoa za mrithi na za kipofu: simu 4, meseji 13.

Majibu ya "umeitoa wapi namba yangu?" kwa Mama ni haya. Kumi na mmoja walikata simu. Tisa walisema "kwenye sistimu." Wanne walisema alijaza fomu, na alipouliza fomu ipi na lini, wakahamia kwenye bei ya ofa. Wawili walisema alipendekezwa na rafiki. Mmoja, msichana, alisema kweli.

Huyo Mama alimwita "mwanangu" na akamuuliza kwa upole kama amekula. Msichana akashusha sauti. Alisema kila asubuhi hupewa orodha ya namba 200, safu mbili tu, jina na mtaa, na hulipwa kulingana na wanaokubali. Hajui orodha hutoka wapi, na aliyemtangulia aliyeuliza hakuendelea na kazi. Akamwomba Mama radhi, akasema ataweka alama kwamba namba hii haipatikani ili isirudi kwenye zamu ya kesho. Tangu siku hiyo tumekubaliana kuwa hatumtukani anayepiga. Swali tunaliuliza kwa adabu, kila mara, kwa maneno yaleyale. Jibu tunalolitafuta liko kwa aliyemkabidhi ile orodha.

9 Machi

Ramadhani. Saa kumi na mbili na dakika 37 jioni, adhana ya Magharibi haijesha, tende iko mkononi, simu ya Mama ikalia. Kadi ya mkopo. Ndani ya mwezi huu, watu wanaojua jina lake wanashindwa kujua kwamba mtaa mzima wa Tudor wakati huo umeshika glasi ya maji. Nimeweka simu yake kwenye hali ya usisumbuliwe kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na kuwaruhusu watu tisa tu kupita: mimi, kaka, kliniki, shangazi na majirani. Hilo ni la kupumua tu. Kwenye jedwali sitalihesabu kama ushindi.

Meseji zinazokuja kwa jina la kampuni badala ya namba, zile zenye STOP*456*9*5# mkiani, tumezishughulikia leo. Unapiga hiyo *456*9*5# na kufuata menyu. Zimepungua kweli. Lakini zinazotoka kwenye namba za kawaida hazina mlango wa kutokea, na ndizo nyingi.

18 Machi

Leo ndiyo siku iliyogeuza mradi.

Simu ya asubuhi, mwanamume, Kiswahili cha haraka. "Naongea na Mama Mabuyu wa Tudor?"

Mama alifurahi! Alidhani ni mteja. Baada ya kustaafu aliuza mabuyu nyumbani, yale mekundu ya sukari na iliki, mpaka 2019 goti lilipomkataza kusimama jikoni. Akaanza kueleza kwamba siku hizi hapiki. Yule bwana akamkatiza, akamtajia jina la kijana wa mtaa wetu, kiasi anachodaiwa na siku alizochelewa, akamwambia Mama amshauri alipe, kwani Mama "ni mdhamini wake."

Mama hajamdhamini mtu. Alikata simu mikono ikimtetemeka, akaniita.

Nikaliwaza lile jina. Mama Mabuyu wa Tudor haliko kwenye fomu yoyote. Haliko kwenye kitambulisho, wala M-Pesa, wala daftari la mlinzi. Mama mwenyewe hajawahi kulitoa popote. Ni jina ambalo mtu mwingine aliandika kwenye simu yake ili akumbuke namba ya muuza mabuyu. Maana yake orodha ile ilichotwa kwenye simu ya mtu mwingine, na Mama angeweza kuishi miaka mia bila kujaza fomu hata moja na bado angepigiwa leo.

Mitego yangu yote kumi na moja inakamata yale ninayoyatoa mimi. Sikuwa na mtego wa yale yanayotolewa na wanaonijua.

20 Machi

Tulimwita yule kijana afuturu nasi. Mama hakutaja simu mpaka chai ilipomiminwa. Kisha akamwambia, "Mwanangu, kuna mtu alinipigia akanitajia deni lako. Sikukuitia deni. Nimekuita nijue namba yangu ilifikaje kwake."

Kijana aliinamisha kichwa. "Samahani bibi, wallahi sikujua." Mwishoni mwa 2021 alipakua programu ya mikopo kwa ajili ya kulipia kozi ya umeme. Iliomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu, akabonyeza kukubali, kwani bila hivyo haifunguki. Alikopa, akalipa. Juzi amekopa tena palepale, akachelewa.

Nikamwomba anionyeshe simu yake. Tukatafuta "Mabuyu". Hakuna. Hii ni simu ya pili baada ya ile. Ya 2021 iliibwa Kongowea. Namba ya Mama ilikuwa kwenye ile iliyoibwa, aliihifadhi utotoni alipokuwa akitumwa mabuyu na dada yake. Kwa hiyo orodha waliyoichota 2021 wanayo hadi leo, majina mia nne na kitu, wakiwemo imamu, mwalimu wake wa ufundi na bibi wa mabuyu.

Naandika tarehe hizi ili wasomaji wenye programu za namna hiyo wajue. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zimekataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia majina ya kwenye simu ya mkopaji kuwapigia watu anapochelewa. Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizizuia programu za mikopo kwenye duka lake kugusa orodha hizo. Bomba limezibwa. Lakini maji yaliyotoka kabla ya hapo bado yako kwenye mapipa yao, na hakuna aliyekuja kuyamwaga.

Kijana alitaka kulia. Mama akamwongezea kaimati.

2 Aprili

Idi imepita, kazi imerudi. Nimetuma DPG 2 na DPG 5 kwa wale tunaowajua: msimamizi wa jengo lenye daftari, walioendesha bahati nasibu (tahajia ya tatu ilirudi 24 Machi kwa bima), wauza ploti, na wakopeshaji. Pamoja na fomu nimetuma maneno haya, na yeyote anaweza kuyachukua:

"Namba yangu ya simu mmeitumia kunitangazia bidhaa. Naomba mnieleze kwa maandishi mliipata kwa nani, lini, na mmewapa akina nani. Naomba muifute, na muwaarifu mliowapa waifute. Sikubali itumike tena kwa matangazo. Nasubiri jibu ndani ya muda uliowekwa na Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021."

Kila moja nimeihifadhi na tarehe na saa. Ya wakopeshaji imetiwa sahihi na Mama, kwa mwandiko wake wa ubaoni.

17 Aprili

Majibu.

Wauza ploti walijibu siku ya pili: wamefuta, samahani. Hawakusema waliipata wapi. Nimewaandikia tena kwamba swali la kwanza bado halijajibiwa.

Wa bahati nasibu walinitumia picha ya kuponi yangu. Nyuma yake, kwa herufi ndogo ambazo ilinibidi kuzikuza, imeandikwa kwamba kwa kushiriki nimekubali habari zangu zitumiwe na "washirika". Niliitia sahihi mimi hiyo. Wamefuta, na wamenitajia mshirika mmoja. Kwa hawa sina malalamiko ya kwenda nayo mbali, ingawa naamini maandishi yanayohitaji kukuzwa hayawezi kuitwa ridhaa.

Tahajia ya tisa, ya duka la simu, nimeiondoa kwenye matokeo. Karani alisahihisha jina langu mwenyewe alipoona kitambulisho kilichochungulia kwenye pochi, na tahajia aliyoiandika inalingana na ile niliyoiandika kwa kukosea mahali pengine. Siwezi kumshika mtu kwa alama iliyofutika.

Msimamizi wa jengo aliniita ofisini. Nilikwenda nikitegemea ugomvi, nikamkuta mzee mwenye heshima aliyekuwa hajawahi kuambiwa jambo hili na mtu yeyote. Nilimwonyesha kwenye daftari la siku hiyo jina la mgeni aliyekwenda maabara. Akalifunga daftari kwa kiganja, akakaa kimya. Halafu akaniuliza, "Sasa mimi wageni nitawajuaje?" Tulizungumza saa nzima. Tukafikia vikaratasi: mgeni anajaza kipande chake, kinaingia kwenye sanduku lenye kufuli, jioni vinahesabiwa, na baada ya muda atakaouweka yeye vinachomwa. Namba ya simu imeondolewa kabisa, kwa sababu hakuweza kunitajia siku hata moja aliyompigia mgeni.

Wakopeshaji: kimya. Siku 14 zimeisha jana.

22 Aprili

Malalamiko ya Mama yamewasilishwa kwa Ofisi ya Kamishna kupitia tovuti yao. Nimeambatisha nakala ya fomu na tarehe yake, picha ya rekodi ya simu iliyoingia, ukurasa wa daftari wa 18 Machi, na maelezo ya kijana aliyoyaandika na kuyatia sahihi kwa hiari. Yeye ametuma yake kivyake, kwani deni lake lilitangazwa kwa watu sita tunaowajua.

Mama aliniuliza kama ofisi hiyo huwa inafanya kitu kweli. Nilimwonyesha habari za Septemba 2023: kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine ili kuwatishia watu. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mama, kama mwalimu, aliisoma hiyo ya pili mara mbili.

Siku ya 90 ni 21 Julai. Imezungushiwa duara kwenye kalenda ya ukutani.

10 Mei

Fupi. Mtu amemuingiza Mama kwenye kundi la WhatsApp la "uwekezaji" lenye watu mia mbili, na namba yake ikaonekana kwa wote. Tumetoka. Kwenye Mipangilio, Faragha, Vikundi, tumechagua watu anaowajua tu. Nimewafanyia hivyo majirani saba baada ya Ijumaa.

Binamu yangu aliye Minneapolis ananiuliza kwa nini tusiwe na daftari la taifa la wasiotaka kupigiwa, kama walilonalo Marekani tangu 2003. Ningependa tuwe nalo. Ila yeye mwenyewe anakiri kwamba namba yake imo humo na bado hupigiwa, kwa kuwa matapeli hawalisomi. Daftari la namna hiyo humzuia mwenye haya. Swali la namba ilitoka wapi linabaki palepale.

3 Juni

Hesabu ya Mei: Mama simu 12, meseji 24. Laini ya mtego simu 1, meseji 3, zote za kipofu isipokuwa moja ya mrithi. Yule mama wa karo bado anatafutwa na mtu wa deni. Namwomba Mungu awe amelipa.

Sijui sehemu gani ya upungufu ni ya barua zetu na ipi ni ya *456*9*5#, kwa hiyo sigawi sifa. Lakini wauza ploti hawajarudi kwa Mama wala kwangu, na ndio waliokuwa wakipiga zaidi ya wote.

Nilipita kwenye lile jengo. Sanduku lipo, kufuli lipo. Mlinzi akanisalimia kwa furaha, akanionyesha kwamba chini ya ngazi boksi la maji halipo tena. Nikamuuliza madaftari yalikwenda wapi. Alisema yalichomwa nyuma ya jengo mbele ya msimamizi, na moto wake uliwaka mpaka Alasiri.

19 Juni

Ofisi ya Kamishna imemwandikia Mama kwamba wakopeshaji wametakiwa kujibu, na imeomba ufafanuzi: ana uhakika gani kwamba hakuwapa namba yeye mwenyewe?

Mama alitaka kuandika jibu hili kwa mkono wake. Aliandika kwamba mwajiri wake, benki yake, kliniki yake na serikali yake wote wanamjua kwa majina matatu yaliyo kwenye kitambulisho. Jina ambalo wakopeshaji walimwita nalo walilijua watoto waliokuja dirishani kwake na shilingi kumi mkononi. Nimelipiga chapa bila kubadilisha neno.

28 Juni

Yaliyobaki: kusubiri 21 Julai, kuwauliza wauza ploti kwa mara ya tatu walikoipata namba, kupeleka mfano wa vikaratasi kwenye jengo la pili, ambalo msimamizi wake ameomba mwenyewe, kuirudisha laini ya mtego kwa wakala baada ya kuwaarifu wote wanaomtafuta yule mama.

Leo saa nane mchana simu ya Mama iliita. Sasa simu hukaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, naye Mama hainuki tena. Nilimsikia kutoka jikoni: "Wa alaikum salaam. Sitaki bima, mwanangu, lakini ningoje kidogo, nichukue kalamu. Umeitoa wapi namba yangu?"

Kimya kirefu. Kisha, taratibu, kama anayeandika imla, Mama akaanza kurudia jina la kampuni herufi kwa herufi.